Magoti ya Ma Adventina

Maisha yake yote Ma Adventina wa kijiji cha Ngenge alikuwa akiwaamkia wakubwa kwa kupiga magoti, mpaka moshi wa jikoni ulipomharibia mapafu. Sasa kila akipiga magoti, pumzi ilimwishia kabla hajainuka. Na Krismasi Mzee Kanisio, kaka wa marehemu mumewe, ambaye alimwita Tata, yaani baba, angekuja. Amwamkie akiwa kitini, kama bosi?

Kwenye kliniki mjini Bukoba, Sejal, mtaalamu wa mazoezi, alimwonyesha kitu bapa kama mzani wa kupimia kahawa.

“Utasimama hapa. Kinatikisa misuli ifanye kazi bila wewe kukimbia.”

“Yaani nipepetwe kama maharage kwenye ungo?” aliuliza, lakini tayari alikuwa anavua kandambili.

Alisimama wima, shingo ngumu, kama aliyejitwika ndoo ya maji. Mashine iliponguruma, meno yaligongana na ukuta ukacheza machoni pake.

“Kunja magoti kidogo, mama. Ukikakamaa, mtikisiko unapanda kichwani.”

“Kidogo kiasi gani?”

Sejal alifikiri. “Kama unaanza kumwamkia baba mkwe, halafu unaghairi.”

Ma Adventina alicheka mpaka akakohoa, kisha akakunja. Mtikisiko ukashuka mapajani, ukatulia humo. Akaitazama miguu yake kwa mshangao.

“Kumbe mlikuwa mmelala tu!”

Alirudi mara mbili kila wiki, miezi mitatu.

Siku ya Krismasi alipiga magoti. Mzee Kanisio akamnyooshea mkono amwinue.

“Subiri, Tata,” alisema. “Hata mimi nataka kuona kama nitaweza.”

Akainuka polepole, akipuliza pumzi kwa midomo. Magoti yalitetemeka kidogo, safari hii bila mashine.