Kiti cha Mbele

Kanada niliiogopa tangu siku niliyochaguliwa. Niliogopa ndege, baridi, hata chakula chao. Nilikuwa mwaka wa pili wa kilimo chuoni Morogoro, na wakubwa wa mashamba ya ngano ya serikali walitaka kijana wa Hanang akasomee ngano huko ilikotoka mitambo yao. Lakini hofu hiyo ilikuwa ya kitoto. Hofu yenyewe ilikuja Jumapili, shemeji yangu Letisia alipojifungua mtoto mfu.

Kwetu Wairaqw, nyumba iliyopatwa na jambo hilo huingia metimani. Hamtoki, hamwingii kwa watu, hampeani mkono na mtu, mpaka mtakaswe, na hiyo ni miezi. Ukitoka unambebea mwenzako kifo, hasa mama mjamzito. Baba yangu, mzee Margwe, ni katekista, lakini kwa hilo hakuwa na mjadala.

"Hutoki, Akonaay," alisema. "Kanada haihami."

Gari la shamba lilikuwa linipitie Jumatano, na ndege haimsubiri mtu. Jumanne Letisia aliniita, macho yamemvimba. "Shemeji, nenda. Usipokwenda watasema mwanangu amekufa na masomo yako. Siwezi kubeba yote mawili."

Basi kulipokucha nikapenya na sanduku langu katikati ya ngano mpaka barabarani, karibu na Hirbadaw. Dereva Nicodemo, Mwiraqw mwenzetu wa Mogitu, alikuwa ameshafika.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Habari za nyumbani?"

"Nzuri," nikasema. Aliponyoosha mkono nikajifanya nahangaika na sanduku.

Tulipokwisha kuipita Katesh, akasema, "Hapo Mogitu tunampitia mke wangu. Uchungu umemwanza usiku, tumwache hospitali. Mtabanana hapa mbele, nyuma kuna magunia ya mbegu."

Nikajiambia, wewe ni msomi, hayo ni mambo ya wazee. Halafu nikakumbuka somo la karantini: ng'ombe wa zizi lenye ugonjwa hatoki, hata awe wa nani. Nikaomba gari liharibike. Nalo, la serikali, linaloharibika kila wiki, siku hiyo likaenda vizuri kabisa.

Juliana alikuwa amesimama kando ya barabara, mkono kiunoni, tumbo limeshuka. Alinitabasamia. Akaja moja kwa moja kwenye mlango wangu.

"Shemeji, rudi nyuma!" nilipiga kelele. "Usiguse! Kwetu kuna metimani. Mtoto wa Letisia, Jumapili."

Akarudi nyuma mpaka akakaribia kuanguka mtaroni. Mimi nikashuka na kusimama mbali. Nicodemo alinitazama.

"Na nilikuuliza habari za nyumbani," alisema.

Akavunja tawi, akalisukuma sanduku langu kwa tawi hilo mpaka likaanguka chini. Juliana akakataa kukaa mbele. Alipanda nyuma, akajilaza juu ya magunia huku akiuma kanga. Gari likaondoka, kiti cha mbele kitupu.

Nilirudi kwa miguu, sanduku kichwani. Jua lilikuwa kali, lakini sikuthubutu kuomba maji kwa mtu. Kila nyumba niliyoipita niliiogopa, nikijua ni mimi wa kuogopwa. Je, nilikuwa nimechelewa? Juliana alikuwa ameshagusa mlango? Kufika nyumbani jioni, baba aliniona, akafungua lango.

Usiku haukulalika, wala uliofuata. Ijumaa mchana jirani yetu Sulle alisimama mbali na uzio, akaita.

"Juliana amejifungua mvulana! Wote wazima!"

Mama akaangua kilio. Sulle akakohoa. "Akonaay, pole. Nafasi yako amepewa Basili wa Balangdalalu. Ameshaondoka."

Nililia, sitadanganya. Nililia kama mtoto aliyenyang'anywa. Letisia akatoka ndani taratibu, akakaa juu ya sanduku langu ambalo sikuwa nimelifungua.

"Analia?" alimwuliza Sulle kwa sauti.

"Nani?"

"Mtoto. Analia kwa nguvu?"

"Wee! Wodi nzima haisikilizani."

Letisia alijifunika uso kwa kanga. Nilidhani naye analia, lakini alikuwa ametulia tuli, kama anayesikiliza kitu cha mbali. Kisha akaushika mkono wangu.

"Haya," alisema. "Afadhali huyo analia."