Jeli ya Siku Saba

Kila asubuhi, mumewe Shaib akishaondoka kwenda dukani Ngamiani, Tuhfa alikuwa akifunga mlango wa chumba, akitoa vidonge vyake chini ya kanga zilizokunjwa sandukuni, akimeza kimoja, kisha akilala chali na kuhesabu siku kwa vidole. Asubuhi hiyo alikuwa amefika kidole cha tatu aliposikia sauti uani.

"Hodi wenyewe! Au mmehama Mabawa bila kuaga?"

Aliinuka upesi, maumivu yakamchoma chini ya kitovu. Sauti ile ilikuwa ya mama mkwe wake, Bi Wanu, ambaye alipaswa kuwa kwake Pangani. Tuhfa alisukuma vidonge chini ya mto, akafungua mlango.

Bi Wanu alikuwa amesimama katikati ya ua, baibui limejaa vumbi la safari, mkononi kapu la ukili. Ndani ya kapu Tuhfa aliona chupa ya mafuta ya nyonyo, na chini yake mkaja, ule utepe mpana wa nguo anaofungwa tumboni mwanamke aliyejifungua au aliyeharibikiwa na mimba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mkaza mwanangu. Pole. Pole sana. Mbona umesimama? Kalale! Shaib kanambia jana kwenye simu, 'Mama, Tuhfa katoka hospitali, tumbo.' Namuuliza, tumbo la nini? Akakohoa. Mwanamme akikohoa vile mie nshajua. Nimepanda gari la kwanza."

Tuhfa akaelewa kilichotokea. Shaib alikuwa ameona haya kutaja kizazi mbele ya mama yake, akasema tumbo, akakohoa. Na Bi Wanu, aliyekanda matumbo ya wanawake tangu angali msichana Pemba, akasikia kwamba mimba imetoka tena.

Lakini mara hii hakuna mimba iliyotoka. Ya kwanza ilitoka miaka miwili nyuma, akasafishwa kwenye zahanati moja. Baada ya hapo hedhi yake ilipungua ikawa matone, halafu ikakatika kabisa. Daktari wa sasa, Dokta Ritha, alimchorea kwenye karatasi: ngozi laini ya ndani ya kizazi ilikuwa imekwanguliwa mno, kuta mbili zikagandana kama kurasa za daftari lililolowa. Mwaka jana alizitenganisha. Zikagandana tena. Safari hii, baada ya kuzitenganisha, aliweka jeli katikati, iliyotengenezwa kwa kitu ambacho hata mwili wa binadamu unacho, ili kuta zisigusane wakati ngozi mpya inaota. Jeli ingeyeyuka yenyewe, na vidonge vya kila asubuhi vingesaidia ngozi hiyo kuota.

"Siku saba," Dokta Ritha alimwambia. "Usikandwe tumbo, usijifukize, na mumeo alale upande wake. Jeli ikisukumwa ikatoka, tunarudi tulikotoka. Na mara ya tatu sikuahidi, Tuhfa. Sijui kama itabaki ngozi ya kuotesha nyingine."

Leo ilikuwa siku ya tatu.

Bi Wanu alishavua baibui, akawasha jiko la mkaa uani na kuteleka sufuria kubwa ya maji. Alifanya kazi huku akiongea, kama kawaida yake.

"Tazama ulivyokonda! Tumbo kama la mtu aliyefunga saumu mbili kwa pamoja. Huyo mume wako anakulisha, au anakusimulia habari za misumari na mabati?"

Tuhfa alicheka kidogo, kicheko kikamkauka. "Mama, nimetoka kunywa chai sasa hivi. Si vizuri kukandwa na tumbo limejaa."

"Maji hayajachemka. Yakichemka, chai itakuwa imeshashuka."

"Kichwa kinaniuma pia."

"Kichwa n'takikanda bure, nyongeza."

"Labda tumsubiri Shaib arudi."

Bi Wanu alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Shaib? Kwani yeye ndo anakandwa?"

Tuhfa aliingia chumbani, akampigia mumewe. Simu iliita mpaka karibu kukatika ndipo ikapokelewa.

"Mama yuko hapa," alinong'ona. "Anataka kunikanda. Mwambie, Shaib. Nampa simu sasa hivi."

"Usimpe!" Shaib alishusha sauti. "Mwenzangu Badru yuko hapa na wateja. Nitaanzaje kumwambia mama mambo hayo?"

"Daktari alisema nini? Ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Sasa... mwambie akukande taratibu. Juu juu tu. Asije akaona tunamkataa, Tuhfa, ametoka Pangani alfajiri."

Simu ilikatwa. Tuhfa alibaki ameishika sikioni. Aliwahi kukandwa na mikono ile. Bi Wanu hakujua juu juu. Alianzia mbavuni akashuka, na alipofika chini ya kitovu aliegemea kwa uzito wake wote, maana huko, alisema, ndiko uchafu unakojificha.

"Haya, mwanangu, maji tayari!"

Mkeka ulikuwa umetandikwa chumbani kabla hajapata neno lingine la kusema. Tuhfa alilala. Alijiambia atasema kitambaa cha maji ya moto kikishakamuliwa. Kitambaa kikakamuliwa. Akajiambia atasema mafuta yakimiminwa. Bi Wanu alimimina mafuta kiganjani, akasugua mikono, akasoma bismillahi, akaanza mbavuni. Mikono ilikuwa ya moto na yenye huruma, na hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Ikashuka. Ikafika kitovuni.

Tuhfa aliukamata ule mkono kwa mikono yake miwili.

"Usinikande, mama."

"Inauma? Vumilia kidogo."

"Haiumi."

Bi Wanu hakuutoa mkono. Uso wake ulibadilika taratibu. "Basi mikono yangu ndo mibaya. Sema. Siku hizi mna madaktari, sisi twanuka nyonyo."

Hapo ndipo Tuhfa alipozoea kuomba radhi. Neno samahani lilikuwa limeshafika ulimini, na akilitoa tu, mkono ungeendelea kushuka. Akalimeza. Machozi yalimtoka yakaingia masikioni, lakini mkono hakuuachia.

"Mikono yako sina neno nayo. Mara ile mimba ilipotoka ulinikanda nikapata usingizi baada ya kukesha siku nne. Lakini safari hii hakuna mimba, mama. Shaib kaona haya kukwambia, na mie nilikuwa naogopa. Kizazi changu kina jeraha ndani, tangu nilivyosafishwa. Nimetibiwa, na dawa imo humu humu, hapa ulipoweka mkono. Ukibonyeza itatoka, na huenda kisipone tena."

Kiganja cha Bi Wanu kilibaki palepale, ila hakikuwa na uzito tena.

"Wataka mtoto," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Ndo maana."

"Nataka mtoto. Lakini hata nisipompata, nataka nipone. Mwili huu ni wangu, mama. Kasirika ukitaka, urudi Pangani leo hii, nitakulilia. Ila mkono wako uondoe."

Tuhfa akauachia mkono; Bi Wanu akauinua, akaufuta mafuta kwa kanga.