Pawasaplai ya Pili

Mafuriko yalikuwa yamekata barabara ya Malinyi, na kwa zahanati za bondeni simu ndiyo njia pekee iliyobaki. Mimi ni mpokea simu katika kituo cha dharura kilichopo Lumemo, hapa Ifakara. Zahanati ikizidiwa inatupigia, nasi tunaiunganisha na daktari wa zamu. Simu zote hizo zinapita kwenye seva moja, mashine bapa ya chuma iliyofungwa kwenye kabati refu nyuma ya meza yangu.

Mchana ule Daktari Hilary alikuwa mezani kwangu, simu sikioni, akizungumza na nesi Sikitu wa zahanati moja ya huko chini. Mama mmoja alikuwa amejifungua mtoto mzima, lakini damu ilikuwa haikomi. Boti ya kumfuata ilikuwa njiani.

"Endelea kukandamiza, Sikitu. Usiachie mkono. Niko hapa, sikuachi."

Hapo ndipo Eveline alipoingia na boksi kwapani, viatu vimejaa tope. Eveline ndiye fundi wa mitambo yetu. Kwao ni hapa hapa Lumemo. Wazazi wake walihamia kutoka Mahenge wakalima mpunga, wakamsomesha hadi Dar es Salaam, na alipomaliza akarudi.

"Shikamoo, mzee," alimsalimia mkuu wetu, Mzee Fridolin.

"Marahaba, mwanangu. Umekipata?"

"Nimekipata. Kimefika na basi la Morogoro."

Seva yetu ina pawasaplai mbili, yaani vile visanduku vya kuiletea umeme. Zinasaidiana: moja ikifa, nyingine inabeba mzigo wote na simu hazikatiki. Tangu jana yake kompyuta ilikuwa inalalamika kwamba ya pili inachemka, nayo ndiyo Eveline aliyokuja kuibadilisha. Lakini aliposikia sauti ya daktari alisimama.

"Getrude," aliniuliza, "simu hiyo inaisha saa ngapi?"

"Hata mwenyewe hajui, dada. Ni mama anatoka damu."

"Basi nasubiri." Akavuta kiti, akakaa, boksi magotini.

Angesubiri mpaka mwisho, naamini. Ila baada ya muda tulianza kusikia harufu, kama ya plastiki iliyoachwa karibu na jiko. Eveline alinyanyuka, akaizunguka seva, akanusa.

"Hii ikipiga shoti itaangusha swichi kuu," alisema kwa sauti ya chini, "na zote mbili zitazimika. Siwezi kusubiri tena."

Mzee Fridolin alikuwa ameshaingia nyuma ya kabati. "Si hii hapa? Lebo inasema namba mbili ni ya kushoto. Ichomoe haraka, tumalize."

"Hiyo lebo niliibandika mimi, mzee. Tulipoihamisha mashine kutoka jengo la zamani nyaya zote zilichomolewa, na sikumbuki kama nilizikagua tena. Taa zote mbili ni za kijani. Nikichomoa iliyo nzima, nimemkatia daktari."

"Lakini inaungua!"

"Naiona, mzee. Nipe nafasi kidogo."

Mzee wetu hajazoea kuambiwa asogee. Alisogea.

Eveline alivaa mkononi ile bangili yenye waya, akabana ncha ya waya kwenye chuma cha kabati, umeme wa mwilini mwake usije ukaumiza mashine. Akapiga magoti na tochi, akasoma namba iliyochapwa kiwandani kwenye bati lenyewe. Namba mbili ilikuwa ya kulia. Hakuishia hapo. Alisogeza mgongo wa kiganja karibu na pawasaplai zote mbili, akalinganisha joto. Kisha akaushika waya wa ile ya kulia, akaufuata kwa vidole kati ya nyaya nyingine zilizosokotana, taratibu, mpaka kwenye soketi ya ukutani. Mimi nilitamani kupiga kelele. Yeye alikuwa kama mtu anayechambua mchele.

"Ni hii," alisema.

Akachomoa waya wa umeme. Nilimtazama Daktari Hilary.

"Vizuri, Sikitu. Sasa niambie mapigo yakoje."

Simu ilikuwa hewani. Eveline alibonyeza kishikizo, akaivuta pawasaplai polepole, imenyooka, mkono mwingine ukiishikilia kwa chini kwa kitambaa. Ile mpya ilikuwa tayari nje ya boksi, kwa sababu nafasi ile haitakiwi kukaa wazi. Hewa ya kupoza mashine inatorokea hapo. Akaisukuma ndani bila kuilazimisha mpaka ikalia *kach*. Akaitikisa kidogo kuhakikisha imeshika. Waya ukarudi. Taa ikawaka kijani, na feni yake ndogo ikaanza kuvuma.

Haikufika dakika, Sikitu akasema jambo upande wa pili wa laini, na Daktari Hilary akafumba macho. "Inapungua? Una uhakika? Asante Mungu. Usiachie bado."

Boti ilifika zahanati kabla jua halijazama. Daktari alipoweka simu chini alijinyoosha, akamwona Eveline amekaa sakafuni akifunga ile pawasaplai mbovu kwenye boksi.

"Na wewe fundi, pole kwa kusubiri. Sasa unaweza kuanza kazi yako."

"Nimeshamaliza, daktari."

Alitutazama mmoja mmoja, akidhani tunamtania. Mimi nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na sijui kama yote yalikuwa ya kicheko.

Eveline hakuondoka upesi. Alibandua lebo zote, akaandika mpya, akamwomba Mzee Fridolin afuate kila waya kwa mkono wake mwenyewe na kumsomea namba. Mzee alifanya hivyo, miwani puani, bila kunung'unika. Nimefanya naye kazi miaka mingi na sijapata kumwona akimbebea mtu mzigo. Jioni ile alilichukua begi la vifaa la Eveline, akalibeba mpaka getini, akasimama naye kwenye manyunyu mpaka bajaji ikapatikana.