Mshipi wa Bi Somoe

Jibu la posa lilifika Baleni mikononi mwa Bi Zulfa, na jambo likibebwa na Bi Zulfa halifiki peke yake. Kabla hajavuka kizingiti cha nyumba ya kaka yake, majirani walishajisogeza na vigoda, huyu kaja kuomba kaa la moto, yule kaja kurudisha ungo ambao hakuwahi kuuazima.

"Bi Somoe kajibu," alisema Bi Zulfa, akavua ushungi apate hewa. "Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Kasema, 'Ya mahari wazungumze wanaume. Mie mama mtu sitaki makubwa. Mwambieni huyo kijana aniletee mshipi. Mshipi wa kweli, usiokatika ovyo. Nikiuona, nitasema.' Basi. Kanipa maji, kanisindikiza hadi mashuani."

Sufiani, mwenye posa yake, alikuwa kakaa juu ya pikipiki uani, mguu unamcheza kama wa mshona cherehani. Ndivyo alivyoumbwa, hata msikitini alikuwa anatikisa goti. "Mshipi gani, shangazi?"

"Mshipi gani tena? Mkaja! Mama wa watu alijifunga tumbo alipomzaa Furaha, leo mtoto anachukuliwa, anataka kitambaa chake cha heshima. Watu wa Juani wana maneno ya kale, mkaja wanauita mshipi. Tutamtafutia wa hariri, wenye bizimu ya kung'aa, mpaka wenye wivu wapate homa."

Vigelegele vikapigwa. Sufiani hakupiga hata kofi.

"Shangazi, yule mama anavua."

"Juani nani havui?"

"Anavua kwa mshipi, juu ya majabali, upande wa bahari kuu. Nimemwona kwa macho yangu. Sasa kama ni mshipi wa kuvulia?"

"Hii posa, mwanangu, si diko la samaki! Tangu lini mkwe akaletewa vyombo vya uvuvi kwenye sinia?"

Wote wakacheka, ila moyo wa Sufiani haukucheka. Kisa cha mposaji wa kwanza kilijulikana Mafia nzima. Yule alikuwa mtu wa duka pale Kilindoni, alipeleka mkaja wa zari, ukarudishwa siku ileile na sinia lake, limefunikwa kawa juu. Sababu kila mtu alikuwa na yake. Wengine walisema mkaja ulikuwa mfupi, wengine walisema ulinuka mafuta ya taa, na Bi Zulfa alikuwa na sababu tatu ambazo hazikukaa chumba kimoja. Ila hilo la kurudishwa hakuna aliyelibishia. Na Bi Somoe akirudisha kitu, hakiendi tena.

Kutwa ile Sufiani hakula akashiba. Alimpigia Furaha simu, akiwa amesimama, akikaa, akisimama tena.

"Mama kanikataza," Furaha alisema. "Kasema ukiniuliza nikate."

"Nipe herufi ya kwanza tu."

"Ya kwanza? M."

"We Furaha! Mkaja na mshipi vyote vinaanza na M!"

"Ndiyo nikakupa," akacheka, simu ikakatika.

Sufiani akaamua. Mama mwenye kupanda majabali na ndoana mkononi, akisema "usiokatika", hasemi hariri. Akawasha pikipiki hadi madukani, na huko ndiko taabu ilikoanza, maana kumbe mishipi ni mingi kuliko makabila ya watu. Upo uzi mwembamba wa kusukwa, rangi ya kijani, muuzaji kaapa kwamba unavuta ng'ombe. Ipo nailoni ya kila unene, nyeupe, ya bluu, ya rangi ya chai. Akachukua huu, akarudisha, akachukua ule. Mwisho akaondoka na mishipi ya namna tatu mfukoni, akashuka nayo pwani kwa wavuvi wa dago, wale wanaotoka wilaya nyingine wakapiga kambi kwa msimu. Hao, alijiambia, hawana undugu na mtu hapa, watasema kweli.

Walisema kweli, lakini kwanza walimcheka.

"Unavua wapi wewe?" aliuliza Abubakari, mtu mpana, mwenye vidole vilivyojaa makovu ya nailoni.

"Sivui mie. Ni wa mkwe."

"Mkwe mume?"

"Mkwe mke."

Kambi nzima ikaangua kicheko. "Jamani, mama anashinda mwambani, bwana harusi anashinda sheli akijaza mafuta!"

"Muacheni," Abubakari akasema, machozi ya kicheko yakimtoka. "Huyo mama anatupa wapi? Mchangani au kwenye mawe?"

"Majabalini. Chini ni matumbawe matupu, mashimo na mapango."

"Lete basi."

Akaufunga ule uzi wa kijani kwenye pikipiki, akavuta. Pikipiki ikasogea. Sufiani akatabasamu, akaona muuzaji hakusema uongo. Kisha Abubakari akaushika uleule uzi, ukiwa umevutika, akaupitisha kwenye jiwe la tumbawe mara chache tu, kama mtu anayenoa kisu. Ukakatika, ncha mbili zikapeperuka.

"Umeona? Kwenye maji marefu huo ni sultani. Kwenye mawe, kwisha. Mwambani hushindani na samaki, kijana, unashindana na mwamba. Samaki huchoka. Mwamba hauchoki."

Akachukua nailoni nene kuliko zote, akaipitisha vilevile kwenye tumbawe. Ikachubuka, ikawa nyeupe, isikatike.

"Basi nichukue hii!" Sufiani alishainuka.

"Kaa chini! Una siafu wewe?" akafoka mwingine aliyekuwa akimenya muhogo. "Hiyo ya kuanikia nguo. Mama wa watu anatupa kwa mkono, ataitupa, na yenyewe itamrudia usoni kama springi ya godoro."

Wakabishana. Abubakari alisema unene ndio ngao, mwenziwe akasema unene bila ulaini ni fimbo. Wakamwonyesha namna ya kupima: zungushia kidoleni, bana kidogo, uachie. Ukibaki umejikunja kama mkia wa nguruwe, hautupiki. Ukijinyoosha wenyewe, huo ni wa mkono wa mtu. Mshipi wa tatu, wa rangi ya chai, ulikuwa mnene wa kutosha, ukajikunja kidogo, ukajinyoosha. Ukapitishwa kwenye tumbawe, ukachubuka na kubaki.

Sufiani akaushika huo. Njiani akasimama na kuushuku, akageuza pikipiki arudi kambini, akageuza tena akaenda. Mtu aliyekuwa anapita akamuuliza kama kapoteza kitu.

Siku ya kwenda, wakavuka asubuhi kwa mashua kutoka Utende kwenda Juani, kisiwa cha Chole wakakiacha upande. Bi Zulfa alikuwa kapakata sinia lililofunikwa.

"Shangazi, humo mna nini?"

"Halua."

"Na chini ya halua?"

Bi Zulfa akatazama maji. "Nimeweka na mkaja. Wewe una wako mfukoni, mie nina wangu. Mwenyewe atachagua."

"Tukienda na viwili ataona hatujui tunachokitafuta! Mtu ukimwita kwa majina mawili, humjui."

"Na ukimwita kwa moja, likawa silo?"

Sufiani akauminya mshipi mfukoni mpaka ukamwachia alama kiganjani.

Nyumba ya Bi Somoe ilikuwa imefurika. Wanawake wamejaa ukumbini hadi jikoni, wanaume barazani, na kila dirisha lina uso. Mzee Mkadam, mjomba wake Furaha, ndiye aliyewapokea, wakaamkiana, wakaulizana hali za nazi na za watoto. Mlango kati ya ukumbi na baraza ukawekwa pazia, pazia likaachwa wazi, maana nani alikuwa tayari kukosa?

Bi Zulfa akatangulia. Akafunua sinia, akakunjua mkaja: hariri nyekundu, bizimu kama jua la saa nne. Wanawake wakavuta pumzi.

Bi Somoe, mama mwembamba mwenye mikono mikavu kama magome, akaushika, akaugeuza. "Mzuri," akasema. "Nimfunge nani?"

"Wewe, mama. Mkaja wako."

"Tumbo langu lilijirudi zamani, Zulfa." Kicheko kikazuka jikoni. "Na mwingine ninao, wa alipoolewa dada yake. Naufungia mlango wa banda la kuku." Akaukunja vizuri, akaurudisha kwenye sinia. Akachukua kawa, akafunika.

Kila mtu alikijua kile kitendo cha kufunika.

Mposaji hasemi mbele ya mkwe, huo ndio mwiko, yeye hukaa akainamisha kichwa, wazee wakamsemea. Lakini Sufiani alishasimama. "Shikamoo, mama," akasema, akatoa mshipi wa rangi ya chai, akaunyoosha mkono kupitia pale penye pazia, bila kutazama ndani.

"Marahaba." Bi Somoe akaupokea. Akauzungushia kidoleni, akabana, akaachia, akatazama. Halafu akachukua ndoana zake darini na kipande cha pweza jikoni. "Maji yanajaa," akasema. "Twendeni."

"Wapi, dada?" Mzee Mkadam aliuliza.

"Mshipi nitaujuaje sebuleni?"

Ikawa kama maandamano. Nyumba nzima ikamfuata hadi upande wa bahari kuu, mabuibui na kanzu vikishikwa juu, majabali yakichoma nyayo, Bi Zulfa akipoteza kiatu kimoja kwenye ufa na kukilaani kwa jina. Bi Somoe hakuwangoja. Akafunga jiwe la kuokotwa liwe chubwi la kuzamisha ndoana, kwa ukili mbovu wa ukindu, ili jiwe likinaswa ukili ukatike, mshipi upone. Akazungusha, akatupa. Mshipi ukaenda ukinyooka hewani, na Sufiani akapumua.

Wakasubiri. Wimbi likaja, likaenda. Mshipi ukavutwa, na Bi Somoe akavuta, na ukakaza usije. Akavuta tena. Ukili ulishakatika, jiwe limebaki chini, lakini mshipi wenyewe ulikuwa umeingia ndani ya ufa wa mwamba.

"Umekwama!" wakasema watu kumi kwa pamoja.

Bi Somoe akageuka, akampa Sufiani. "Shika, baba."

Akaushika. Nyuma yake Baleni na Juani zikagombana. "Vuta, kijana!" "Asivute, atakata!" "Legeza!" "Mwambieni aende kushoto!" "Kushoto kwake au kwetu?" Mikono yake yote ilitaka kuvuta. Miguu ilitaka kukimbia. Alihisi kupitia vidole mwamba unavyousaga mshipi, kwaru, kwaru, kila wimbi likirudi, na kila mkwaruzo aliuhisi mbavuni, na Furaha alikuwa amesimama pale kati ya wanawake na yeye hakuthubutu kugeuka.

Akalegeza. Akashuka jabali la chini, maji yakamfika magotini, kanzu ikamganda. Akapanda jabali jingine, mbali kidogo, hadi mshipi ukawa unaingia ufani kwa upande wa pili. Akasimama. Wimbi la kwanza akaliacha. La pili akaliacha, na goti lake, kwa mara ya kwanza tangu ajulikane, likatulia. La tatu likainua mshipi wote juu ya ufa, naye akauvuta taratibu, mkono juu ya mkono. Ukaja. Ndoana haikuwepo, samaki hakuwepo, lakini mshipi ukaja.

Bi Somoe akaupokea, akaupitisha kati ya kidole na gumba kuanzia nchani. Sehemu kubwa ilikuwa imechubuka, imekuwa nyeupe kama uzi wa mkonge. Watu wakatazamana. Bi Zulfa akafumba macho.

Mama akaendelea kupapasa, polepole, mpaka akafika penye ulaini. Hapo akasimama. Akachukua kisu cha chambo, akaikata ile sehemu mbovu, akaikunja, akaitia kwenye pindo la kanga asije ndege akanaswa nayo.

"Uliobaki unatosha," akasema. "Mkadam, soma Fatiha."

"Hapa hapa, dada? Na maji haya?"

"Kwani Mungu hasikii mwambani?"

Mzee Mkadam akainua mikono, na umma wote ukainua juu ya mawe yale, wengine mguu mmoja ndani ya maji. Sufiani naye akainua, ncha ya pili ya mshipi ingali imemzunguka kiganja, akaitikia "amin" kwa sauti kubwa kabla mzee hajafika popote pa kuitikiwa.