Maji Yaliyopanda Kansay

Agosti 1978, Bwana Maji wa wilaya alifika kitongoji cha juu cha Kansay akiwa na Landrova, futi kamba na waraka wa kurasa nne. Watu walikuwa wamekwisha kuchimba mtaro wa kilomita mbili kwa majembe yao, maana ukurasa wa kwanza wa waraka ulidai nguvu kazi ya wananchi kwanza, fedha za serikali baadaye. Sasa akawasomea ukurasa wa tatu. Serikali ingegharamia mabomba ya maji ya mserereko tu, yaani yanayoteremka yenyewe. Chemchemi ilikuwa bondeni. Wao walikuwa mlimani.

“Kwa nini hukuanzia ukurasa wa tatu?” aliuliza Germana, mwenyekiti wa kamati ya maji.

“Ndugu Mwenyekiti, waraka husomwa kwa mpangilio.”

Germana alikasirika. Mtaro haukumuuma kama bintiye, Antonia, aliyeacha darasa la saba tangu Mei ili ateke maji, kwa kuwa mgongo wa mama ulikuwa umegoma. Mtihani ulibakiza wiki tano.

Lakini hasira haijazi mtungi. Germana alipika pombe ya mtama, kama afanyavyo yeyote mwenye shamba kubwa na mikono michache. Utaratibu wa huko unajulikana: aliyekunywa pombe yako ya kazi, kesho asubuhi yuko kwako na jembe, la sivyo asahau majirani siku ya msiba wake. Jumapili baada ya misa watu walikunywa. Germana akateremka bondeni na kibuyu cha mwisho, akaimiminia chemchemi fungu lake.

“Kesho, mapema,” aliiambia.

Jumatatu majirani walifika saa moja. Maji yalifika saa moja na nusu, yamechelewa kidogo kwa sababu ya mlima. Yalipanda mtaro polepole kama ng'ombe mwenye mimba, yakapumzika kwenye kona ya mzee Tluway, ambaye aliyaondolea jiwe njiani, kisha yakaendelea hadi uwanja wa shule. Wanawake walipiga vigelegele vya kumpokea mtu aliyetimiza ahadi. Germana alilia kwa furaha mbele za watu, wala hakujifuta. Antonia alioga, akafua sketi, akaingia darasani kabla haijakauka.

Bwana Maji alirudi kukagua. Alinawa uso, akanywa vikombe viwili, akayasifu maji. Fomu yake ilikuwa na nafasi mbili: maji yanayoteremka, na hakuna maji. Akaandika hakuna maji.

“Si umeyanywa, ndugu?” aliuliza Tluway.

“Nimeyanywa. Lakini hayakufuata mwongozo.”

Germana aliweka dole gumba kama shahidi. Lilikuwa limelowa, wino ukatambaa, ikabidi wote wasubiri karatasi ikauke juani. Mabomba yalipelekwa kwenye nyumba ya wageni wa serikali huko chini, ambako maji yalikuwepo tayari.

Antonia alifaulu. Wiki moja kabla hajaenda sekondari, barua ilifika, naye akaisoma mbele ya mkutano. Ilisema kwamba kitongoji hicho, kwa kukosa maji, kimeondolewa kwenye mpango hadi taarifa nyingine, na wananchi wanahimizwa kuendelea kuchimba. Watu walipiga makofi kwa nguvu, kwa kuwa msichana alisoma vizuri, bila kukwama hata neno moja. Kisha wakaenda kuoga.