Tusi la Mlangoni

…na nani aliyenituma nipige mluzi, mwanamke mzima, ndani ya chumba cha kuvalia, jioni ya kwanza ya mchezo, kana kwamba sijui mwiko wa watu wa jukwaani, zamani waliovuta kamba za mapazia walikuwa mabaharia, wakiitana kwa miluzi, ukipiga wako ovyo unashushiwa mbao za mandhari utosini, basi mabinti hawa ninaocheza nao wakanitoa mbiombio kama mwizi wa kuku, toka, uondoe mkosi, zunguka mara tatu, tukana, ndipo ubishe hodi, nimeshazunguka, kizunguzungu kimenishika, nimeegemea ukuta wa korido na aproni yangu ya mfumaji, na mlango wa kutokea barabarani ule pale, mvua ya Dundee, mji niliozaliwa, inanyesha, teksi zipo… naweza kuondoka. Naweza kabisa. "Tusi, Ishbel!" anapaza Mhairi huko ndani, ndiye anayecheza binti yangu, "bila tusi utalala hukohuko!" wanacheka, wacheke, hawajui kwamba tangu juzi silali, miaka yote ile ya filamu London, nimekuwa malkia, nimekuwa jaji, mjane wa kabaila, na kila mara pembeni yuko mwalimu wa matamshi, si hivyo Ishbel, lainisha hiyo r ya kwenu, meza hiyo sauti, nami nikameza, nikameza mpaka siku moja nampigia mama simu ananiuliza, samahani, nani mwenzangu? na mimi mwanawe wa pekee… mama, Mungu amrehemu, aliyefuma magunia kiwandani hapahapa, mashine zikamziba masikio, akisema chai tayari mtaa mzima unajua, na leo nimcheze mwanamke kama yeye mbele ya watoto na wajukuu wa wafumaji, hao hawadanganyiki, na Dougal, mwongozaji wetu, alikuna kichwa kwenye mazoezi akasema, dada, maneno umeyashika, ila sauti hiyo ni ya kopo la biskuti, lile la watalii lenye picha ya kasri, nikacheka na wenzangu, nikaenda chooni nikalia. Kwenye filamu ukikosea mnarudia. Hapa neno la uongo likitoka limetoka, linasikika mpaka roshani ya juu… "Tusi jamani, tunazeeka!" Haya. "Mungu awalaani," nasema, na najisikia mwenyewe, ni yule jaji, kila herufi imepigwa pasi. "Ala! Hilo la ikulu!" "Tupe la nyumbani, bibie!" La nyumbani… nyumbani siku moja mama alitokea ngazini na sabuni mikononi, jirani yetu Sandy ameegesha tena baiskeli mlangoni petu, mama akavuta pumzi toka nyayoni, akamporomoshea, na hakuwa na hasira, hata kidogo, macho yalikuwa yanacheka, Sandy naye anacheka, mama alikuwa anayafurahia matusi yake, mbona hilo sikulikumbuka, wiki zote hizi natafuta sauti yake na raha yake nimeiacha, na tumbo linajaa pumzi lenyewe bila kuombwa, "We Mhairi, kichwa kama kiazi kilicholala, fungua mlango huo kabla sijaung'oa nikakuvalisha shingoni!"… Mama yangu. Nani kasema hivyo? Korido bado inavuma. Ndani mtu ananong'ona, "Yesu wangu," halafu kicheko kinapasuka, na r yangu ile, inakwaruza, imetoka nzima na koo haliumi, ilikuwepo, siku zote ilikuwepo, nina furaha… wanagombania kitasa, "Sukuma!" "Vuta, mjinga we!" mlango umekwama kama kawaida yake, wala sina haraka, nimesimama palepale, mvua ni ileile, ukumbini viti vinashushwa, watu wanakohoa, wanaitana majina kwa sauti kubwa kama walivyolelewa, na bado naogopa, sisemi uongo, lakini nawataka, wote, hata wale niliosoma nao wenye midomo yao. Waingie. Wakae. Nina maneno nao.