Viti vya Baba

Mdogo wangu Adrian alivitupa viti vya baba jalalani, akaweka vipya vinavyonuka gundi.

Baba alikuwa mshona viti kwenye kiwanda cha magari, hapa Coventry, Uingereza. Kila mshonaji aliandika jina lake kwa chaki chini ya kiti. Miaka mingi baadaye, gari moja la 1964 la kiwanda hicho likiuzwa kwa bei ya kutupa, baba aliinama, akakuta jina lake. Akalinunua.

Alipostaafu alitumia kiinua mgongo kununua la pili, la Kijapani la 1991. Majirani wakamwita msaliti.

"La kwetu linavuja mafuta hata likiwa limelala," aliwajibu. "Hili halijui kuugua. Lakini la kwetu likiamka, nyote mnatoka nje kulisikiliza."

Alipofariki tulikubaliana: litakalothaminiwa juu liuzwe tugawane, la chini libaki kwangu. Nililitaka la Kiingereza, kwa ajili ya lile jina. Lilikuwa limechakaa, rangi imepasuka, nikajua litakuwa la chini. Adrian alilijua hilo pia, naye alitaka lipande bei, liuzwe. Akasema analipeleka kuoshwa.

Likarudi na rangi mpya, linang'aa kama peremende iliyolambwa.

"Umelifanya nini?"

"Nimeliogesha, kaka. Lilikuwa linanuka mzee."

"Lilikuwa linanuka baba."

"Baba hayupo. Nani anunue jasho la maiti?"

Niliingia ndani nikamwacha uani.

Mthamini, mama mmoja aitwaye Hilary Penfold, alifungua mlango, akanusa, akaufunga.

"Nani kafanya uchafu huu?"

"Uchafu?" Adrian alicheka. "Mama, hapo unaweza kujitazama ukachana nywele!"

"Kioo ninacho nyumbani. Watu wanatafuta rangi ya kiwandani, hata ikipasuka. Viti vyake viko wapi?"

"Jalalani."

"Vilikuwa na jina chini?"

"Chaki tu ile."

"Chaki tu," mama alirudia, kama mtu aliyetafuna nzi. "Lingebaki lilivyokuwa, lingelipita la Kijapani mbali sana."

Kisha akaligeukia la Kijapani. Adrian hakuligusa, alilidharau kuwa gari la juzi. Tope la viatu vya baba lilikuwa bado kwenye zulia, na karatasi za pipi zake mlangoni.

"Hili msiliguse hata kwa kitambaa," mama akasema. Likashinda. Tajiri mmoja wa mbali akalichukua na tope lake.

La Kiingereza likabaki kwangu, kama nilivyotaka. Nimeketi ndani yake mara moja, nikashuka nikatema mate.

Basi hesabu ya niliyopoteza ni hii. Viti viwili. Jina la baba. Gari pekee lililokuwa bado linanuka yeye. Na mdogo wangu, ambaye akipiga simu naiacha iite mpaka ichoke.